Kengele na Mzinga

Kila Jumapili twaisikia kengele ikituita nyumbani mwa Mungu. Leo na tujifunze jinsi inavyofanyizwa, na neno inalotufundisha.

Kengele njema ni ya shaba iliyochanganywa na bati: katika mafungu 100, kama 80 ni shaba, na 20 ni bati. Kwanza fundi hujenga kiini cha udongo, na juu yake kengele ya udongo, iliyo sawasawa na ile atakayoisubu. Maandishi huyatia kwa nta. Kisha huifunika yote kwa udongo uliochanganywa na samadi na nywele za wanyama, akaukausha kwa moto, na nta huyeyuka ikaacha alama zake. Ndipo hukiinua kifuniko, huivunja kengele ya udongo, na kukirudisha kifuniko mahali pake. Nafasi iliyobaki ndiyo kalibu. Huzikwa shimoni, na shaba ya moto humiminwa ndani. Huko Ujerumani iko desturi ya kusubu kengele siku ya Ijumaa saa tisa, saa aliyokufa Bwana wetu, nao huomba kwanza. Ndivyo Hiramu naye alivyosubu vyombo vya Hekalu katika udongo wa Yordani (1 Wafalme 7:46).

Lakini shaba na bati hufaa hata kwa mzinga. Baada ya vita vya 1870 na 1871, mizinga iliyotekwa kwa Wafaransa iliyeyushwa, ikasubiwa kengele kubwa ya kanisa kuu la Köln. Watu wangesema, Tazama, neno la Isaya 2:4 limetimia! Walakini mwaka 1918 kengele ile ilivunjwa, ikayeyushwa kwa ajili ya vita. Mwaka 1923 ilisubiwa nyingine mjini Apolda, yenye uzito wa tani 24. Tena katika vita vya 1939 hata 1945, serikali ya Ujerumani ilichukua kengele za makanisa kwa maelfu, na za Walutheri pia; nyingi hazikurudi.

Basi, twaona nini? Mizinga iliyeyushwa, mioyo haikuyeyushwa. Kengele ile ya kwanza ilikuwa ukumbusho wa ushindi, wala si wa amani. Shaba haichagui kalibu yake, sisi twachagua. Ulimi wetu, nguvu zetu, elimu yetu, zaweza kuita watu waje kwa Mungu, au kuwaangamiza.

Walimu, kengele itakapolia Jumapili ijayo, waulizeni wanafunzi, nasi tujiulize: Moyo wangu umo katika kalibu ya nani?