Saa Tatu Isikupite: Sala ya Asubuhi kwa Myahudi Aliye Peke Yake Mpakani

Horohoro huamka kabla ya jua. Adhana ya alfajiri inapolia, madereva wa malori yaliyolala foleni huanza kuwasha injini, mama lishe wanachochea makaa, na vijana wa bodaboda wanajipanga kusubiri abiria wa Lunga Lunga. Waislamu wanatoka nyumba kwa nyumba kwenda msikitini, wawili wawili, wakiitana majina gizani. Myahudi aliyeletwa hapa na kazi naye ana sala yake saa hizo, Shaharit, ila yeye hana wa kumgongea mlango. Sinagogi hakuna Horohoro, wala Tanga mjini. Wanaume kumi wa kutimiza minyani atawatoa wapi?

Nimeyaishi hayo, na ninachokijua ni hiki: mtu haachi sala ya asubuhi kwa sababu imani imemtoka. Huiacha kwa kuiahirisha. Leo anasema atasali akishagonga muhuri pasipoti. Kesho mzigo umekwama forodhani, atasali ukitoka. Keshokutwa hata ahadi haweki. Bandu bandu, na gogo limekwisha. Kwa hiyo ushauri wangu wote unahusu namna ya kuifunga sala mahali pake kabla siku haijaanza kukudai.

Anza na saa. Hapa Mswahili ana bahati ambayo Myahudi wa London hana. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa mnamo mwaka 200 BK, huhesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi. Inaposema Shema, moja ya nguzo mbili za Shaharit, isomwe hadi saa tatu, ni saa tatu. Inapomtaja Rabi Yehuda kwamba Shaharit mwisho wake ni saa nne, ni saa nne. Mahali ambapo mchana hurefuka na kufupika sana, watu huhitaji jedwali la kila siku. Horohoro iko karibu na ikweta, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kamili na saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano hivi, mwaka mzima. Ukiiweka saa tatu kamili ya mkononi kuwa mpaka wako wa Shema, na saa nne mpaka wa Amida, nguzo ya pili, hutachelewa siku yoyote. Wapo wanaoanza kuhesabu tangu mapambazuko, na kwao Shema huisha kabla ya saa tatu. Ukiweza, shika hiyo. Ukishapitwa na saa nne, Amida bado yaweza kusaliwa hadi adhuhuri, lakini daraja lake limeshuka.

Adhana ya jirani nayo ikufae. Haikuiti wewe, lakini inakuambia mapambazuko yamefika, na hilo ni kweli kwako pia. Amka nayo, nawa, sema baraka za asubuhi. Taliti, shali ya sala, na tefilini, visanduku vya ngozi vinavyofungwa mkononi na kichwani, zina kipimo chao: subiri mpaka mwanga utoshe kumtambua mtu unayefahamiana naye akiwa umbali wa dhiraa nne. Horohoro kipimo hiki hakihitaji mtaalamu. Simama mlangoni, waumini wanaporudi kutoka msikitini, tazama kama unaweza kusema huyu ni fulani kabla hajakusalimu. Ukiweza, vaa.

Na uelekeo? Myahudi husali akielekea Yerusalemu. Kutoka pwani hii Yerusalemu iko kaskazini, ikipinda kidogo magharibi, na Makka nayo iko kaskazini karibu sawasawa. Tofauti yake ni ndogo mno kwa jicho. Ukifika gesti usiyoijua na huelewi kaskazini ni wapi, uliza kibla. Mtu yeyote atakuonyesha kwa mkono, nawe geuka kushoto kidogo tu.

Sasa, kiini. Kosa kubwa la anayesali peke yake ni kutaka kusali kama sinagogi lote. Anafungua kitabu, anaona kurasa nyingi, anatazama saa, anakifunga. Usifanye hivyo. Shaharit ina nguzo mbili: Shema pamoja na baraka zake, na Amida. Shema ni vifungu vitatu vya Torati, viwili vya Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na ya 11, na kimoja cha Hesabu sura ya 15. Amida ya siku ya kazi huitwa bado ile ya baraka kumi na nane, ingawa leo ni kumi na tisa, na husaliwa kwa kusimama, miguu imebanwa pamoja. Hizo mbili usizipunguze asubuhi yoyote ya kawaida. Zaburi zinazotangulia, hasa ya 145 hadi 150, ziongeze kadiri muda unavyoruhusu. Kaddish, Barekhu na Kedusha, sehemu za sala ya pamoja, zinahitaji watu kumi, kwa hiyo peke yako unazipita bila deni. Yosef Karo aliyeandika Shulhan Arukh, kitabu cha sheria, katika karne ya 16 anafungua kitabu chake kwa kumtaka mtu ainuke asubuhi kwa nguvu kama simba, lakini hafiki mbali kabla ya kusema kwamba maombi machache yenye moyo ni bora kuliko mengi yasiyo na moyo. Nayashika maneno hayo mawili kwa pamoja.

Kama Kiebrania chako ni kizito, Mishna inaruhusu Shema na Amida kwa lugha yoyote unayoielewa. Sali kwa Kiswahili, na kila wiki ongeza baraka moja ya Kiebrania mpaka uzoee. Usingoje kujua lugha ndipo uanze kusali.

Jifunze kiini hicho kwa moyo. Hili nalisisitiza kwa sababu ya watu wetu wa Mbale, Uganda. Semei Kakungulu alijitahiri pamoja na wanawe mwaka 1919, na jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya ikaanza kwake. Idi Amin alipotawala, 1971 hadi 1979, dini yao ilipigwa marufuku. Wengi waliihama, na waliobaki walisali kwa siri. Kitabu chaweza kunyang'anywa, au kusahaulika kwenye basi. Kilichomo kichwani hakikaguliwi mpakani.

Usiku ndio wakati wa kazi yenyewe. Weka kopo la maji na beseni karibu na kitanda, ili unawe mikono mara tatu kwa kupokezana, kulia na kushoto, hata kabla macho hayajafunguka vizuri. Simu iwe mbali na mkono. Asubuhi nyingi nilizozipoteza zilipotea kwenye simu, nikisoma ujumbe wa mzigo ambao hata hivyo usingetembea kabla ofisi hazijafunguliwa. Tefilini ziwe juu ya kitabu cha sala, na kitabu juu ya nguo utakayovaa, ili usiweze kuvaa bila kuzigusa. Usizilaze kamwe ndani ya gari. Joto la pwani hukunja ngozi, na chumvi ya hewa na jasho huilegeza rangi. Zifunge kwenye kitambaa kikavu, kivulini. Ikikulazimu kuondoka bila kuzivaa, siku haijapotea: zaweza kuvaliwa wakati wowote kabla jua halijatua. Siku ya Sabato na sikukuu hazivaliwi.

Chumba cha gesti chenye choo ndani kina sharti lake. Funga mlango wa choo, kisha simama mbali nacho. Kama hakifungiki, toka uani.

Tumbo nalo lina hoja. Chakula hungoja sala, lakini maji yanaruhusiwa, na kahawa isiyo na sukari wala maziwa inaruhusiwa pia. Maana yake kahawa chungu ya muuza kahawa ni halali yako kabla ya Amida. Kashata iache mfukoni mpaka umalize.

Basi likiondoka kabla hujasali, soma Shema ukiwa umekaa, na Amida pia ikiwa huwezi kusimama. Kwa aliyebanwa kweli kweli ipo Havinenu, inayofupisha baraka za katikati ya Amida kuwa moja, ingawa haisomwi katika majira ya kuomba mvua. Isiwe desturi yako. Ni ya siku ya dharura.

Na ukipitwa kabisa? Kwa kusahau au kwa kuzidiwa na jambo, sheria inakupa fidia: alasiri, katika sala ya Minha, unasali Amida mara mbili, ya kwanza ya Minha yenyewe, ya pili ya asubuhi iliyopotea. Aliyeacha kwa makusudi hana fidia hiyo. Mimi naiona fidia hii kama rehema kubwa, maana inakurudisha kwenye mstari siku ile ile, kabla aibu haijageuka mazoea. Wengi huacha siku ya pili, si ya kwanza. Siku ya kwanza walipitwa, siku ya pili waliona haya.

Rabi Eliezer alionya kwamba sala iliyogeuka ratiba tupu si maombi. Anasema kweli. Lakini sijawahi kumwona mtu aliyeanza na moyo uliojaa kisha ratiba ikamfuata. Nimeona kinyume: aliyesimama kila siku pale pale, saa ile ile, asubuhi moja moyo ukaja wenyewe ukamkuta amekwisha simama.

Basi ndugu yangu, popote utakapolala leo, upande huu wa mpaka au ule, jaza kopo maji kabla hujazima taa.