Kadi Ifunguliwe Siku ya Kipimo: Barua Pepe za Majibu na Ubao wa Kazi wa Kliniki

Mama mwenye uvimbe titini hufanyiwa biopsi, yaani hukatwa kipande kidogo cha uvimbe huo, hupewa tarehe ya kurudi baada ya wiki tatu, kisha huenda zake nyumbani. Kipande hupelekwa maabara ya patholojia. Mtaalamu hukisoma kwa hadubini, huandika ripoti, na ripoti hutumwa kliniki kwa barua pepe. Hadi hapo kila mmoja ametimiza wajibu wake. Lakini barua hiyo huingia katika kisanduku kimoja kinachofunguliwa na watu watano, katikati ya matangazo ya semina, maombi ya likizo na ankara za vifaa. Wa kwanza kuifungua hudhani daktari wa zamu ataishughulikia. Daktari wa zamu, akija jioni na kuikuta imekwisha kufunguliwa, hudhani imekwisha kushughulikiwa. Mama akirudi wiki ya tatu huambiwa kuwa majibu bado, ilhali yamekaa kisandukuni siku tisa.

Ni rahisi kuita hali hiyo uzembe, na mara nyingi si kweli. Tangu Ray Tomlinson alipotuma ujumbe wa kwanza wa barua pepe kati ya kompyuta mbili kwa njia ya mtandao, mwaka 1971, chombo hiki kimekuwa na kazi moja tu, nayo ni kufikisha ujumbe. Kinajua nani kaandika, nani kaandikiwa, lini, na kama barua imefunguliwa. Hakijui ni nani anapaswa kufanya nini baada ya kuisoma, wala kabla ya siku gani. Hayo ndiyo yanayotunzwa na programu za usimamizi wa miradi, ambamo kila kazi huwa na kadi yake, na kadi huwa na mhusika, tarehe ya mwisho na safu inayoonyesha hatua iliyofikiwa. Asili ya ubao wa namna hiyo ni viwanda vya Toyota nchini Japani, ambako kadi zilizoitwa kanban zilifuatana na vipuri ili kila kituo kijue kinachohitajika na kituo kinachofuata.

Kuviunganisha vyombo hivi viwili hakuhitaji fundi wa kompyuta aliyebobea. Trello, kwa mfano, hutoa anwani maalumu ya barua pepe kwa ajili ya ubao: barua ikitumwa huko, kichwa chake huwa jina la kadi, maandishi yake huwa maelezo ya kadi, na viambatisho hufuata. Asana nayo hupokea kazi kwa barua pepe. Zipo pia programu za kuunganisha, kama Power Automate na Zapier, zinazofanya kazi kwa mpangilio wa tukio na tendo: barua ikifika kutoka anwani ya maabara, na kichwa chake kikiwa na namba ya sampuli, basi kadi fulani iguswe, mhusika awe daktari wa zamu, na tarehe ya mwisho iwe siku mbili za kazi baadaye. Barua isiyolingana na kanuni yoyote isitupwe; ipelekwe kwenye safu ya kusomwa na mtu. Mashine inayobahatisha maana ya barua ya mgonjwa ni hatari kuliko kisanduku kilichojaa.

Jambo linalosumbua kliniki nyingi zaidi ni barua ya pili. Ripoti ya kwanza ya biopsi ya titi huweza kusema kuwa ni saratani, lakini haijasema bado ni ya aina gani. Siku au wiki kadhaa baadaye huja nyongeza inayoeleza kama seli hizo zina vipokezi vya homoni na kama zina protini ya HER2. Nyongeza hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa atafaidika na dawa kama tamoksifeni au trastuzumabu. Sasa, mtengenezaji wa mfumo aliyeogopa kadi kujirudia huweka kanuni kwamba namba ya sampuli iliyokwisha kuonekana ipuuzwe. Kwa kanuni hiyo moja, iliyowekwa kwa nia njema, nyongeza zote hupotea bila mtu kujua. Njia iliyo salama ni hii: kila barua pepe huwa na kitambulisho chake cha pekee, nacho kitumike kuzuia barua ileile isisomwe mara mbili, namba ya sampuli itumike kuipeleka barua mpya kwenye kadi ya zamani, na kadi iliyofungwa ifunguliwe tena pindi nyongeza au marekebisho yanapofika.

Hata hivyo, kuna upungufu ambao hauondolewi na kanuni yoyote ya barua zinazoingia. Mfumo unaoamshwa na barua hauwezi kuamshwa na barua ambayo haikufika. Sampuli ikipotea njiani, maabara ikikosea herufi moja ya anwani, nenosiri la kisanduku likibadilishwa, au kisanduku kikijaa, ubao hubaki mweupe na wafanyakazi huona kazi imekwisha. Kwa sababu hiyo kadi isingoje barua. Ifunguliwe na muuguzi siku ileile sampuli inapochukuliwa, iwekwe katika safu ya yanayosubiriwa, na ipewe tarehe ambayo kliniki na maabara wamekubaliana. Barua ikija, itaihamisha kadi hiyo. Isipokuja, kadi itapita tarehe yake na kugeuka nyekundu mbele ya macho ya wote, na hapo mtu atapiga simu. Kazi ya muuguzi hapa haizidi dakika moja kwa kila sampuli, na hakuna sehemu nyingine ya mfumo yenye faida kubwa kuliko hiyo. Ikumbukwe pia kwamba kanuni zinazoendeshwa katika kompyuta ya ofisini husimama umeme ukikatika, ilhali zilizowekwa kwenye seva za mtoa huduma huendelea.

Siri ya mgonjwa nayo haina budi kutazamwa kabla ya kuwasha chochote. Kichwa cha barua kikiwa na jina la mgonjwa na neno saratani, jina hilo litaandikwa ubaoni, na kutoka ubaoni litatumwa kama taarifa kwenye simu binafsi za wafanyakazi, pengine likionekana juu ya kioo ndani ya daladala. Kadi ibebe namba ya sampuli tu, pamoja na maelezo ya mahali ripoti ilipohifadhiwa. Ripoti yenyewe isitoke katika mfumo wa hospitali. Maana yake ni kwamba njia rahisi ya kuisukuma barua nzima ubaoni haifai kwa majibu ya vipimo, ingawa inafaa sana kwa maombi ya matengenezo ya mashine. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, ambako ndiko ziliko seva za nyingi ya programu hizi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019.

Swali la mwisho ni lini kadi ifungwe. Daktari kuisoma ripoti hakutoshi. Kadi ifungwe pale tu mgonjwa alipoelezwa majibu yake na tarehe ya hatua inayofuata kuandikwa. Mashine inaweza kumtumia ujumbe mfupi wa kumwita, lakini ujumbe huo uwe wa maneno yaleyale kwa wote, walio na saratani na wasio nayo. Vinginevyo mtaa mzima utajifunza upesi nani huitwa na nani huachwa. Habari yenyewe itolewe na mtu, ana kwa ana, penye kiti na mlango unaofungwa.

Kwa upande wake, mgonjwa anayetoka chumba cha biopsi anayo haki ya kuuliza mambo matatu: namba ya sampuli yake, siku majibu yanayotarajiwa kufika, na jina la mtumishi wa kumpigia siku hiyo ikipita. Aache namba mbili za simu, moja ikiwa ya ndugu anayemwamini, na karatasi yenye namba ya sampuli aitunze pamoja na kadi yake ya kliniki.