Msimu wa Pwani Uwe na Siku ya Kurudi



Hapa Kaplong, penye njia panda ya barabara ya Kericho na Kisii na ile inayotoka Narok kupitia Bomet, tumezoea kuona mtu amesimama na begi lake akingoja gari. Kwa miaka mingi safari hizo zilikuwa za kwenda mashamba makubwa ya chai, Nakuru, Nairobi au Mombasa. Siku hizi wako Wakenya wanaovuka mpaka hadi Zanzibar, kufanya kazi katika hoteli za ufukweni: Nungwi, Kiwengwa, Paje na kwingineko. Huko wanapika, wanatandika vitanda, wanahudumia mezani, wanalinda malango.

Kazi ya hoteli za huko hufuata msimu. Watalii, wengi wao kutoka Ulaya, hufika kwa wingi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Mvua za masika zikianza, kati ya Machi na Mei, wageni hupungua na hoteli nyingine hufunga kwa muda. Kwa hiyo mwenye hoteli huhitaji mikono ya ziada kwa miezi michache tu. Na miezi hiyo ya katikati ya mwaka ndiyo miezi ya baridi kwetu, wakati majani ya chai hupungua shambani. Basi swali linaingia nyumbani: mmoja wetu aende?

Somo hili halikusudii kumkataza mtu. Karo ni lazima ilipwe na bili ya hospitali haingoji. Lakini yako mambo ya kuzungumza kabla begi halijafungwa, na kubwa kuliko yote ni hili: nyumba huweza kustahimili safari, bali safari isiyo na siku ya kurudi huidhoofisha kidogo kidogo, hata wenyewe wasitambue.

1. Wapatane wawili

Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, aya ya 5, anazungumza na watu wa ndoa juu ya kutengana. Anataka mambo matatu: wawe wamepatana, iwe kwa muda, kisha warudiane. Yeye alikuwa akisema juu ya kutengana kwa ajili ya sala. Lakini ikiwa hata kwa sala masharti haya yanatakiwa, je, si zaidi kwa ajili ya mshahara? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo, katika kanuni ya 1151, inasema kwamba kuishi pamoja ni wajibu na pia ni haki ya wanandoa, isipokuwa kama kuna sababu halali.

Sababu halali ni ipi? Karo ya mtoto, deni la matibabu, paa la nyumba: hizo ni sababu. Lakini "jirani amekwenda" si sababu. Na kama mmoja anataka kwenda ili apumzike na ugomvi wa nyumbani, afadhali asiende kwanza. Ugomvi uliovushwa bahari haufi, hungoja.

Tena, kupatana si kunyamaza. Mama anaweza kusema "sawa" kwa kuwa baba amekwisha kulipa nauli. Baba anaweza kusema "sawa" kwa kuwa anaona aibu kwamba mkewe ndiye aliyepata kazi. Hiyo si sawa. Kila mmoja aseme kwa mdomo wake anachokiogopa. Baba aseme, "Naogopa watu watanicheka nikipika na kuosha watoto." Mama aseme, "Naogopa utazoea kuishi bila mimi." Hofu iliyosemwa mezani huweza kutafutiwa dawa.

2. Hesabu kabla ya nauli

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari la mtoto mwandike. Tuchukue mfano wa kujifunzia tu, maana mishahara na bei hutofautiana. Tuseme mama amepata kazi ya kusafisha vyumba kwa miezi 4, na mshahara wake ukibadilishwa ni shilingi 25,000 za Kenya kwa mwezi. Jumla ni 100,000. Sasa toeni: nauli ya kwenda na kurudi, 12,000, chakula na mahitaji yake madogo, 5,000 kwa mwezi, yaani 20,000, simu, 4,000, na mtu wa kuchuma majani chai na kusaidia kazi za nyumba mahali pake, 8,000 kwa mwezi, yaani 32,000. Jumla ya matumizi ni 68,000. Kinachobaki ni 32,000.

Mnaona? Aliyesikia "laki moja" na aliyeandika hesabu hawaongei jambo moja. Msisahau kwamba chai haingoji mtu. Hata miezi ya baridi inapopunguza majani, kila baada ya wiki moja au mbili lazima yachumwe, majani mawili machanga na chipukizi lake. Yakichelewa hukomaa, na karani wa kituoni huyarudisha. Mikono iliyoondoka ina gharama, hata kama hakuna aliyekuwa akiilipa.

Labda 32,000 hizo zinatosha kumaliza karo ya muhula. Basi safari ina maana. Labda fedha hiyo ingepatikana kwa kuongeza ng'ombe mmoja wa maziwa. Hilo mtalijua ninyi. Lakini mlijue kabla, si baada.

Katika daftari hilo andikeni pia habari za kibali. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na wengine wanadhani tangu hapo mtu hufanya kazi popote bila karatasi. Sivyo. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya kazi kwa wasio Watanzania, na ruhusa ya kuingia kama mgeni wa matembezi si ruhusa ya kuajiriwa. Ulizeni: mwajiri ni nani, mkataba uko wapi, kibali kinalipiwa na nani, mfanyakazi analala wapi na analala na nani chumbani. Wakala asiyeweza kujibu maswali haya, au anayetaka kukaa na paspoti yako, mwepukeni.

Tena wekeni kando nauli ya kurudi, isiguswe. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha ndege za watalii, hoteli za pwani zilifunga milango na wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi ghafla. Aliyekuwa na nauli mfukoni alikuwa na njia ya kufika kwake.

3. Andikeni siku ya kurudi

Hili ndilo kiini cha somo letu. Usiseme, "Nitarudi mambo yakiwa mazuri." Mambo hayatosheki. Semeni tarehe. Mkulima anayeuza majani kwa viwanda vya KTDA anajua kwamba mwaka wa hesabu hufungwa mwisho wa Juni, na bonasi hungojewa miezi michache baadaye. Kwa wengi wenu, basi, mwanzo wa Oktoba ni siku nzuri ya kurudi: majani yanaongezeka shambani, bonasi inahitaji watu wawili wa kuipangia, na watoto wako katika muhula wa mwisho wa mwaka. Andikeni tarehe hiyo kwenye kalenda iliyo ukutani, watoto waione. Ahadi ni deni.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Kwa sababu hatari haiko sana katika msimu wa kwanza. Msimu wa kwanza watu huhesabu siku, hupiga simu, hukumbukana. Hatari iko katika ule ujumbe mfupi wa mwezi wa Septemba: "Meneja ameniomba nibaki mpaka Februari." Aliyeko nyumbani hujibu, "Sawa, kama kuna kazi." Februari inafika, ujumbe unakuja tena. Hakuna aliyetoka nje ya ndoa, hakuna aliyetukana, na bado watoto wameanza kumwita baba "yule wa Zanzibar".

Kwa hiyo wekeni kanuni hii: hakuna kuongeza muda kwa simu. Anayetaka kuongeza muda arudi kwanza nyumbani, akae, ale pamoja na wenzake, kisha mzungumze upya kama mlivyofanya mara ya kwanza. Kama kazi hiyo haimruhusu kuja kuonana na mwenzake, basi kazi hiyo imedai kitu ambacho hamkupatana kukitoa.

4. Mkiwa mbali

Saa ya Kaplong na ya Zanzibar ni moja; hiyo ni neema ambayo aliyeko Ulaya hana. Chagueni saa ya kuongea, na iwe ya kuongea, si ya kuulizana fedha tu. Mkaaji wa nyumbani asimfiche mwenzake kwamba mtoto ameugua, na msafiri asifiche kwamba mshahara umechelewa. Tangu mwaka 2015 inawezekana kutuma fedha kutoka M-Pesa ya Tanzania hadi ya Kenya. Tumeni kwa mwenzi wenu, naye aandike katika daftari. Akitumiwa ndugu ili amfikishie mke au mume, hapo mmepanda mbegu ya mashaka.

Wewe uliye pwani, ujue unakoishi. Watu wa Zanzibar walio wengi sana ni Waislamu. Salimia wakubwa kwa shikamoo, vaa kwa heshima uendapo kijijini, usile hadharani mchana wa Ramadhani. Huko hotelini utaona wageni walio likizoni, wanaokula, kunywa na kucheza kama watu wasio na kesho. Kumbuka kwamba wao wako likizoni. Wewe uko kazini, na wana nyumba zao na shida zao wanakotoka. Upweke wa jioni ndio mlango wa majaribu mengi. Usiuzibe kwa pombe, wala kwa "rafiki" ambaye hungependa mwenzako amwone. Kwa ajili ya Misa, liko Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu katika Mji Mkongwe, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Kutoka Nungwi ni safari ya karibu kilometa 60, kwa hiyo omba mapema siku yako ya mapumziko iwe Jumapili, walau mara moja kwa mwezi.

Nawe uliyebaki Kaplong, usiishi kama mjane. Usiwaachie watoto wote kogo wao mzee kana kwamba yeye ndiye aliyefunga ndoa. Hudhuria jumuiya ndogo ndogo. Na maneno ya majirani juu ya mwenzako yapime: uliza mwenyewe kwa upole kabla ya kuhukumu.

5. Kurudi nako ni kazi

Wengi hujiandaa kwa kuondoka na hawajiandai kwa kurudi. Miezi minne inabadilisha watu. Aliyebaki amezoea kuamua peke yake: amemuuza ndama, amembadilisha mtoto shule, amejua bei ya mbolea. Aliyerudi naye amezoea kufuata kengele ya hoteli na kushika fedha yake. Wanapokutana, kila mmoja anaona mwenzake amemwingilia.

Methali yasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza furahini: kuwe na kimyet, kuwe na mursik, watoto wakae karibu. Msifungue hesabu wala lawama. Siku ya tatu shikeni jembe pamoja, mwende shambani wawili. Kisha kaeni na daftari: kilichopatikana, kilichotumika, kilichobaki. Aliyerudi asiseme "fedha yangu", maana ilipatikana kwa jasho la wawili, mmoja hotelini na mwingine kwenye majani chai. Na aliyebaki amshirikishe tena mwenzake katika maamuzi, hata kama angemaliza upesi zaidi peke yake.

Msishangae ikiwa hata chumbani mnaoneana haya mwanzoni. Nendeni polepole, kwa maneno mema. Na kama kuna lililotendeka huko au hapa ambalo linatishia afya ya mwenzako, lisemwe na mpimwe hospitalini wote wawili kabla ya kukutana kimwili. Hii nayo ni sehemu ya upendo.

Mazungumzo ya nyumbani

Jioni moja wiki hii, watoto wakiisha kulala, ulizaneni:

(a) Je, shida tunayotaka kuiondoa kwa safari hii ni ipi, na inahitaji shilingi ngapi hasa?

(b) Ni jambo gani ninaloliogopa ambalo sijakuambia?

(c) Tarehe ya kurudi ni ipi, na tutafanya nini kazi ikitaka kuipita?

(d) Kwa wale waliokwisha kurudi: ni uamuzi gani wa nyumbani ambao bado mmoja wetu anaufanya peke yake?

Mkishindwa kujibu swali la tatu, msikate tiketi bado. Subirini mpaka mpate jibu la wawili. Mungu azibariki nyumba zenu, na awarudishe salama wote walio mbali.