Kunde Zikigeuka Njano, Tazama Mizizi Kwanza

Kwa wakazi wanaolima kunde kandokando ya Mto Tana au katika bustani za nyumbani: majani yakianza kugeuka njano, usikimbilie duka la dawa za kilimo. Chimba mche mmoja uliougua pamoja na mizizi yake, uoshe udongo taratibu, kisha utazame.

Huenda ukaona vifundo. Usishtuke mapema. Vifundo vilivyokaa ubavuni mwa mzizi, vinavyobanduka kwa ukucha na ambavyo ndani vina rangi ya waridi, ni vya manufaa: humo mna bakteria wanaoupa mmea naitrojeni kutoka hewani. Kung'oa kunde kwa sababu yake ni hasara tupu. Lakini mzizi wenyewe ukiwa umevimba, na uvimbe haubanduki bila kuukata, hao ni minyoo fundo, wadogo wasioonekana kwa macho. Dawa ya kupulizia majani haiwafikii. Ng'oa mimea hiyo, uichome, na msimu unaofuata usipande hapo nyanya, bamia wala tikiti, kwani nazo hushambuliwa na minyoo hao. Geuza udongo wakati wa kiangazi uchomwe na jua. Jua la Garissa tunalilalamikia kila siku, lakini hapa linafanya kazi.

Mizizi ikiwa ya kahawia na imelainika, inaoza kwa maji mengi. Punguza kumwagilia.

Mizizi ikiwa safi, geuza jani. Vidukari weusi hujazana chini ya majani na kwenye ncha changa. Wakiwa wachache, maji yenye sabuni kidogo yanatosha. Pulizia asubuhi au jioni, si adhuhuri, majani yasiungue.

Jani likiwa na mabaka ya njano na kijani na limekunjamana, hivyo ni virusi, na havina dawa. Ng'oa mche huo kabla vidukari hawajavipeleka kwa jirani yake. Usiweke mbegu zake, kwa maana virusi hivyo hupita ndani ya mbegu.

Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, kumbuka kwamba majani ya kunde ni mboga, na mabua huliwa na mbuzi. Soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na mbuzi nao wasubiri. Ukikwama, mpelekee afisa wa kilimo wa wadi yako mche mzima, mizizi ikiwemo. Jani moja halimtoshi.