SOMO LA ROBO MWAKA: Bajeti ya Mfumo wa Kompyuta Haiishii Siku ya Uzinduzi



Katika somo hili tunapenda kuzungumzia jambo ambalo limeanza kuonekana katika maombi yanayofika ofisini kwetu hapa Buzuruga. Parokia inaomba fedha za kutengenezewa mfumo wa kompyuta unaotumia intaneti, ili katibu wa kigango aufungue kwa simu yake, aandike michango ya jumuiya au majina ya watoto wanaosaidiwa, na mhasibu wa parokia aone kumbukumbu hizo siku hiyo hiyo. Nia ni njema. Lakini mara nyingi bajeti yake ina mstari mmoja tu: "Kutengeneza mfumo." Tuone kwa nini mstari huo hautoshi.

Kosa letu wenyewe

Tuanze kwa kukiri. Miaka kadhaa iliyopita tulitengenezewa mfumo wa kutunza kumbukumbu za watoto wanaopewa sare na madaftari. Tulikubaliana bei kwa mdomo, tukalipa fedha zote mwanzoni, tukafanya uzinduzi na picha zikapigwa. Jina la tovuti liliandikishwa kwa jina la fundi, na neno la siri alikuwa nalo yeye peke yake. Mwaka wa pili fundi akahama. Ada ya seva haikulipwa, kwa kuwa hatukuwa na kifungu chake katika bajeti, na mfumo ukaacha kufunguka wakati ripoti ya mfadhili inasubiriwa. Ilibidi tuwazungukie wenyeviti wa jumuiya, mmoja baada ya mwingine, kuomba madaftari yao ya zamani. Baadhi ya watoto walichelewa kupata sare muhula ule kwa sababu majina yao hayakupatikana kwa wakati. Fundi hakutuibia. Tulichokosa ni bajeti kamili na mkataba.

Kamati zetu za maji zingeweza kutufundisha mapema. Wao wanajua kwamba bei ya kuchimba kisima na kufunga pampu si bei ya maji. Ndiyo maana wanaanzisha mfuko wa vipuri kabla pampu haijaharibika. Mfumo wa kompyuta nao una vipuri vyake, ingawa havionekani kwa macho.

1. Andikeni mahitaji kabla ya kuuliza bei

Mtengenezaji wa programu huuza siku zake za kazi. Kila jambo mnaloongeza, kwa mfano mfumo utume ujumbe wa simu, utoe stakabadhi au upokee malipo ya simu, ni siku za kazi zinazoongezeka. Kwa hiyo kamati ikae kwanza na kuandika katika kurasa mbili au tatu: nani ataingiza kumbukumbu, kumbukumbu zipi, nani anaruhusiwa kuziona, na ripoti gani inatakiwa kila robo mwaka. Kisha wapelekeeni mafundi watatu maelezo hayo hayo, ili bei zao ziweze kulinganishwa.

Wakubwa pia wameanguka hapa. Mwaka 2005 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliachana na mfumo wake wa majalada ya kesi baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba mahitaji hayakuandikwa vizuri na yaliendelea kubadilishwa kazi ikiwa inaendelea.

2. Ulizeni kama programu ipo tayari

Si kila hitaji linadai programu mpya. Katika miaka ya 2000 hospitali kadhaa za KKKT hapa Tanzania zilitumia Care2x, programu huria ya hospitali iliyokuwa imekwisha kuandikwa na wengine. Programu huria haina ada ya leseni, lakini kuisimika, kufundisha watumiaji na kuitunza vina gharama.

Nchini Kenya, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza mwaka 2001 na mfumo mdogo wa kumbukumbu za wagonjwa, uliojengwa kwa programu ya kawaida ya ofisini, Microsoft Access. Baadaye huduma za wagonjwa wa UKIMWI katika eneo la Eldoret zilipopanuka, mfumo wa aina hiyo haukutosha. Washirika wa kazi ile wakaungana na wengine kuandika OpenMRS kuanzia mwaka 2004, nayo ikaanza kutumika huko mwaka 2006. Wameiacha iwe huria, na leo inatumika katika nchi nyingi. Tunajifunza mambo mawili: anzeni na kidogo mnachoweza kukitunza, na msijenge peke yenu kile ambacho wengine wamekwisha kukijenga.

3. Hesabuni miaka mitatu

Tuchukue mfano wa parokia yenye jumuiya 40. Takwimu hizi ni za kujifunzia tu, si bei ya soko.

Gharama za kuanzisha:
- Vikao vya kuandika mahitaji: Sh. 600,000
- Kujenga na kujaribu mfumo: Sh. 9,000,000
- VAT ya asilimia 18 juu ya ujenzi: Sh. 1,620,000
- Kuhamisha kumbukumbu kutoka kwenye madaftari: Sh. 900,000
- Mafunzo kwa makatibu: Sh. 1,000,000
- Akiba ya dharura, asilimia 10 ya hizo zote: Sh. 1,312,000
Jumla: Sh. 14,432,000

Gharama za kila mwaka:
- Jina la tovuti na nafasi kwenye seva: Sh. 600,000
- Matengenezo, asilimia 15 ya bei ya ujenzi: Sh. 1,350,000
- Intaneti, Sh. 30,000 kwa mwezi: Sh. 360,000
- Posho ya mtunza kumbukumbu, Sh. 50,000 kwa mwezi: Sh. 600,000
Jumla kwa mwaka: Sh. 2,910,000
Kwa miaka mitatu: Sh. 8,730,000

Jumla kuu ni Sh. 23,162,000. Fundi alisema milioni tisa, na hakusema uongo. Alitaja bei ya kazi yake tu. Gharama halisi ni zaidi ya mara mbili na nusu.

Hapa kuna mambo matatu ya kuangalia. VAT hulipwa ikiwa mtoa huduma amesajiliwa kwa kodi hiyo. Mwulizeni mapema kama bei yake inaijumuisha. Kodi ya zuio, ambayo kwa huduma za mkazi wa Tanzania ni asilimia 5, hukatwa ndani ya malipo ya fundi na kupelekwa TRA. Mhasibu wenu athibitishe kama inawahusu kabla hamjasaini. Tena seva nyingi hulipiwa kwa dola, hivyo shilingi ikishuka ada inapanda.

4. Lipeni kwa awamu, na miliki iwe yenu

Mkataba uonyeshe awamu, kwa mfano asilimia 30 kwa kuanza, 30 kamati ikiona sehemu ya kwanza inafanya kazi, 30 baada ya majaribio na mafunzo, na 10 baada ya miezi mitatu ya matumizi. Uandikwe pia kwamba jina la tovuti ni la parokia, maneno ya siri yatakabidhiwa kwa watu wawili waliochaguliwa, na maandishi yote ya programu ni mali ya parokia. Kila mwezi nakala ya kumbukumbu ihifadhiwe mahali pengine. Na madaftari ya jumuiya yasitupwe.

5. Majina ya watu ni amana

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume na azilinde. Orodha ya watoto yatima au ya wagonjwa isionekane kwa kila mwenye simu. Ulinzi huo uandikwe katika mahitaji tangu mwanzo, maana kuuongeza baadaye ni ghali zaidi.

Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Rudini kwenye mfano wetu. Sh. 2,910,000 zikigawanywa kwa jumuiya 40 ni Sh. 72,750 kwa mwaka kwa kila jumuiya, yaani kama Sh. 6,100 kwa mwezi. Mfadhili anaweza kujenga, lakini mfadhili huondoka. Swali kubwa la bajeti yote ni hili: je, jumuiya zitaubeba mzigo huo akiisha kuondoka? Kama jibu ni hapana, msianze. Daftari zuri na kompyuta moja ya ofisi vinatosha kwa sasa, wala hakuna aibu.

Nanyi wafadhili wetu, tunawaomba msiione bajeti yenye matengenezo na mafunzo kuwa imevimbishwa. Yenye mstari mmoja ndiyo ya kuogopwa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni tatizo gani hasa tunataka kulitatua, na je, daftari limeshindwa kweli?
2. Nani atalipa ada ya seva mwaka wa tatu?
3. Fundi akihama kesho, nani ana maneno ya siri?
4. Kila jumuiya iko tayari kuchangia kiasi gani kwa mwezi?

Tusome pamoja Luka 14:28-30, mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara. Wote walioona walimcheka alipoweka msingi akashindwa kumaliza. Kwetu sisi aibu ya kuchekwa ni jambo dogo. Kubwa ni yule mtoto anayesubiri sare wakati jina lake limefungiwa ndani ya mfumo usiofunguka.