Maono Yaliyochorwa Kwenye Karatasi



Mara nyingi twasikia mtu akisema, "Mimi sina maono," kana kwamba maono ni mvua, humnyeshea huyu na kumpita yule. Vijana humaliza shule wakakaa kungoja. Wazee nao husema wakati wao umekwisha. Katika somo hili tutamtazama Mmarekani mmoja, Walt Disney, aliyeanzisha bustani ya michezo na maajabu iitwayo Disneyland. Hatumleti hapa kama mtakatifu. Mwaka 1941 wachoraji wake wengi waligoma, naye alilipokea jambo hilo kwa uchungu mkubwa. Lakini mtu aweza kutufundisha neno moja vizuri, hata kama mengine hatutayaiga.

Alizaliwa Chicago tarehe 5 Desemba 1901. Baba yake alikuwa seremala, na mtoto alipewa jina la mchungaji wa kanisa lao. Walipohamia Kansas City, Walt na kaka yake Roy walipeleka magazeti nyumba kwa nyumba kabla ya kwenda shule, hata wakati wa theluji. Kampuni yake ya kwanza ya filamu za katuni ilifilisika mwaka 1923. Akaenda Hollywood, akaanza upya pamoja na Roy. Mwaka 1928 akampoteza sungura wake wa katuni, Oswald, kwa kuwa mkataba haukumpa yeye umiliki. Mwaka huohuo akaja na panya, Mickey Mouse. Hayo wengi wamekwisha kuyasikia, nasi hatutayakalia.

Sisi twataka kukaa kwenye benchi. Walt alikuwa na binti wawili, na siku za mwisho wa juma aliwapeleka kucheza katika bustani ya Griffith Park, Los Angeles. Watoto walipanda farasi wa mbao wanaozunguka. Baba akaketi pembeni akila karanga, hana la kufanya. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba hapo ndipo alipowaza kuwa pangekuwako mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja. Angalieni basi: hakuna malaika wala sauti kutoka mbinguni. Ni mzazi aliyechoka, karanga mkononi. Wazazi wangapi walikuwa wamekaa vivyo hivyo, wakachoka vivyo hivyo, wakarudi nyumbani? Nehemia naye alianza kwa kuuliza habari za nyumbani kwao, akaambiwa kuta zimebomoka, akaketi akalia (Nehemia 1:2-4). Wengine waliijua habari ileile, nao walikuwa wameizoea.

Roy, aliyeshika mfuko wa kampuni, hakupendezwa na wazo hili. Mwaka 1952 Walt akaunda kampuni nyingine ndogo ya kupangia kazi hiyo. Akakopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha, akauza na nyumba yake ya mapumziko. Hatumshauri mwenye watoto akimbilie kufanya hivyo. Bwana wetu mwenyewe alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba sharti aketi kwanza ahesabu gharama (Luka 14:28). Walakini jambo hili latuonyesha kipimo kimoja: kitu usichokubali kukipotezea chochote, huenda bado hujakitaka.

Ikafika Septemba 1953. Roy, ambaye sasa alikuwa amekubali kusaidia, alipaswa kwenda New York kuwaona wenye fedha, na mkononi hakuwa na picha ya kuwaonyesha. Siku ya Jumamosi Walt akamwita mchoraji, Herb Ryman. Jumamosi ile na Jumapili yake walikaa pamoja, mmoja akieleza, mwingine akichora, hata ikapatikana ramani ya bustani nzima. Roy akaondoka nayo. Mwaka 1954 shirika la televisheni la ABC likakubali kutoa dola 500,000 na kudhamini mikopo hadi dola milioni 4.5, na Walt akatengeneza kipindi cha kila juma kwa ajili yao.

Wenzetu waliopitia chuo cha ualimu watafahamu upesi tunapoelekea. Kila mwaka alikuwako mwanachuo aliyekuja darasani bila andalio la somo, akasema, "Lote liko kichwani, Mwalimu." Pengine lilikuwako kweli. Lakini akiugua kesho, nani atalifundisha? Nabii Habakuki aliagizwa aandike aliyoonyeshwa, tena kwa namna ambayo msomaji angeyasoma upesi (Habakuki 2:2). Maono ya Walt yalisafiri kwenda New York bila Walt, kwa sababu yalikuwa kwenye karatasi.

Ujenzi ulianza Julai 1954 kwenye ekari 160 za michungwa huko Anaheim, na milango ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Gharama ilifika dola milioni 17. Siku ya kwanza ilikuwa ya shida: watu waliingia kwa tiketi za kughushi, lami mpya ililainika kwa joto, na mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa machache kwa ajili ya mgomo wa mafundi bomba. Hata hivyo, kabla ya miezi miwili kwisha walikuwa wameingia watu milioni moja.

Mwaka 1965 Walt alitangaza kazi kubwa zaidi katika jimbo la Florida. Hakuiona. Alifariki tarehe 15 Desemba 1966, umri wake miaka 65. Roy alikuwa na miaka 73 na alikusudia kustaafu. Akaahirisha. Bustani ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, naye akataka iitwe Walt Disney World, ili jina la mdogo wake liwe zima. Desemba ileile Roy naye akafariki. Ule mji wa mfano ambao Walt alitaka watu wakae na kufanya kazi ndani yake haukujengwa kama alivyoukusudia. Jina lake, EPCOT, lilipewa bustani ya maonyesho iliyofunguliwa mwaka 1982.

Yule asemaye hana maono basi na amtazame Roy. Hakukaa kwenye benchi lile wala hakuchora ramani. Alihesabu fedha, alipinga, akakubali, na katika uzee wake akamaliza kazi ya mwingine. Twadhani katika makanisa yetu Roy ni wengi kuliko Walt, na hawaambiwi kwamba wanahitajiwa.

Kwa vikundi vya kujifunza: someni Nehemia 2:11-18, mtazame ni lini Nehemia alinyamaza na ni lini alisema. Kisha kila mmoja achukue karatasi, aandike jambo moja lililoharibika hapa kwetu ambalo tumelizoea, na achore namna ambavyo lingekuwa. Asiielezee. Ampe jirani yake aisome, na jirani asipofahamu, aanze upya.