Somo la Wanachama: Neno "Kijani" Lipimwe Kama Karafuu

Ndugu Wanachama,

Somo letu safari hii ni juu ya neno moja dogo, "kijani", ambalo siku hizi limeenea kila mahali: kwenye makopo ya dukani, kwenye vibao vya hoteli, na sasa kwenye barua zifikazo ofisini kwetu.

Mwezi uliopita ofisi ilipokea barua ya kampuni moja ya ng'ambo. Kampuni hiyo yajiita "rafiki wa mazingira", na yataka wanachama watie saini ya miaka 30 ili mikarafuu yetu ihesabiwe kuwa ni ghala ya hewa ukaa. Kila mti utalipiwa kitu kidogo. Kamati imeona barua isijibiwe mpaka Mkutano Mkuu. Nimeandika somo hili ili kila mmoja afike mkutanoni akijua kinachozungumzwa.

1. Hewa ukaa huuzwaje?

Mti unapokua huvuta hewa ukaa na kuigeuza kuwa shina, mizizi na majani. Moshi wa viwanda, magari na ndege huizidisha hewa hiyo angani, na joto la dunia likaongezeka. Basi kampuni yenye moshi mwingi yaweza kumlipa mtu mwengine apande miti au aitunze, kisha ikaandika katika daftari lake kuwa imefuta moshi wake: tani moja iliyovutwa kwa tani moja iliyotolewa. Hesabu hiyo yenyewe si mbaya. Ubaya huingia pale tani inapoandikwa bila ya kuwapo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1986 Mmarekani mmoja, Jay Westerveld, aliandika juu ya hoteli zilizowaomba wageni wasibadilishiwe mataulo kila siku, eti kuokoa mazingira. Yeye aliona kuwa kilichookolewa hasa ni gharama ya kufua. Hoteli za pwani yetu nazo zina vibao hivyo hivyo. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

2. Mfano wa Yakobi

Nawachukua mbali kidogo, mpaka Yakobi, kata iliyomo katika Mji wa Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania Bara. Ni nchi ya baridi na vilima, na watu wa huko huzungumza habari ya miti ya mbao na nguzo kama sisi tunavyozungumza habari ya karafuu. Tena wamezoea miti ya makampuni kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha huko mashamba ya miwati, mti wenye asili ya Australia, ambao maganda yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Mwaka 1995 ukajengwa mtambo wa umeme wa megawati 2.5 wenye kuchoma magogo na mabaki ya miti.

Je, umeme huo ni wa kijani? Kwa haki, waweza kuwa. Ikiwa kila mti uliochomwa umepandwa mwengine mahali pake, na kama bila ya mtambo huo yangechomwa mafuta ya dizeli, basi pana faida ya kweli. Lakini asije mtu akasema kuwa shamba la miwati ni msitu. Shamba la mti wa namna moja halina dawa, wala asali, wala wanyama kama msitu wa asili.

Tazameni na mkaratusi. Ukipandwa juu ya kilima kwa ajili ya nguzo na kuni, ni mali, na huuepusha msitu wa asili na shoka. Mti huo huo ukipandwa bondeni penye chemchemi, huyanywa maji ya vinyungu, yale mashamba ya bondeni ambayo watu wa huko huyategemea kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu zenye kudhuru ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mti ni mmoja na majani ni yale yale, lakini penye kilima ni rafiki na penye chemchemi ni adui. Hapa twapata funzo la kwanza: ukijani haumo katika mti wenyewe tu, umo katika mahali ulipopandwa, na katika kile kilichokuwapo kabla yake.

3. Mifano miwili ya biashara yenyewe

Kampuni ya Norway, Green Resources, iliyopanda miti pia katika wilaya ya Mufindi upande wa kaskazini wa Njombe, ilipanda misonobari huko Kachung, Uganda. Shirika la Nishati la Serikali ya Sweden lilikuwa limekubali kununua hewa ukaa ya huko. Wanakijiji wakalalamika kuwa wamezuiwa kulima na kulisha mifugo katika ardhi waliyoitegemea. Mwaka 2015 Sweden ikasimamisha malipo, na mwaka 2020 ikajitoa.

Mfano wa pili uko jirani yetu, Ghuba ya Gazi, pwani ya Kenya. Wanakijiji wenyewe, katika mradi uitwao Mikoko Pamoja, hutunza hekta 117 za mikoko na kuuza kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Fedha zimeingia katika maji na skuli. Eneo ni dogo, lajulikana mipaka yake, na wenye mikoko ndio wenye kamati.

4. Maswali ya kuuliza kabla ya saini

Kwanza: kimeongezeka nini? Mikarafuu yetu mingi ilipandwa na wazee wetu, na kuikata bila ya kibali ni kosa katika sheria. Basi anayesema kuwa kwa fedha zake ameiokoa, ameiokoa na nani? Mti uliosimama tangu zamani haufuti moshi wa leo wa mtu mwengine.

Pili: nani mwenye mti? Wengi wetu twalima eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwetu ardhi na mti vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Anayetia saini peke yake aweza kuwafunga ndugu na watoto.

Tatu: nani anahesabu, na daftari liko wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne: mti ukifa kwa maradhi au ukiangushwa na upepo, je, mkulima atadaiwa?

Tano: mnunuzi mwenyewe amepunguza moshi wake kwa kiasi gani? Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024, ya kutumika kuanzia Septemba 2026, inayokataza bidhaa kuitwa "rafiki wa mazingira" bila ya ushahidi, au kuitwa haina madhara kwa hewa kwa sababu tu pamenunuliwa hewa ukaa ya mahali pengine.

5. Mizani ituelekee na sisi

Tangu chuoni tulifundishwa uzito wa dhambi ya kupunja mizani. Si haki kuwapima wageni tu. Sisi nasi twapenda kusema kuwa karafuu yetu ni ya asili. Je, tunapopanda miche, vile viriba vya plastiki twavikusanya, au twaviacha shambani? Wakati wa kuchuma, twavuta tawi kwa taratibu, au twalivunja? Twaanika juu ya jamvi, au juu ya lami penye vumbi na mafuta ya magari? Kuni za jikoni zatoka katika matawi makavu ya shamba, au katika mikoko inayouzuia ufuo usiliwe na bahari?

Na dukani vile vile. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, nasi Zanzibar tuliwatangulia. Lakini mifuko mingi iliyokuja badala yake, yenye sura ya kitambaa, nayo ni plastiki. Anayenunua mmoja kila wiki hajaacha kitu. Pakacha na kikapu cha ukili havina maandishi ya "kijani" juu yake, na ndivyo vilivyo bora.

Maswali ya kujadili katika matawi kabla ya Mkutano Mkuu:

(a) Katika shamba lako, ni miti mingapi uliyoipanda mwenyewe, na mingapi uliyoirithi?
(b) Nani wengine wenye haki katika shamba hilo, nao wameulizwa?
(c) Je, tuikatae barua ile, au tuwajibu kwa yale maswali matano na kungoja majibu kwa maandishi?

Kila tawi lilete jibu lake limeandikwa. Mimi maoni yangu ni kuwauliza kwanza. Mwenye karafuu kavu haogopi mizani. Na kampuni yenye kusema kweli haitaogopa maswali ya wakulima.

Wenu katika kazi,
Katibu